Sentimita 136 za Chumba Namba Nne

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Leo saa tatu na robo asubuhi nimepoteza chumba namba nne. Hakikuungua, hakikuporomoka. Kipo palepale ghorofani, upande wa uani, Mtaa wa Garnet nyumba 17, na Clifford, mpangaji wangu, yumo ndani akianika soksi zake. Ila kwa barua ya halmashauri, si chumba tena. Ni stoo.

Leseni yangu ya kupangisha watu wasio wa familia moja imeongezwa muda wa miaka mitano – lakini ni ya watu watano. Siku zote imekuwa ya watu sita. Vyumba sita, milango sita, sahani sita kubwa kabatini. Barua inasema: "Chumba namba 4, mita za mraba 6.50. Kiwango cha chini kwa mtu mzima mmoja, 6.51. Kisilaliwe na mtu kuanzia Jumatatu, 18 Novemba."

6.50 na 6.51! Nimesoma mara tatu nikidhani mashine imekosea.

Imesainiwa na L. Ogden, afisa wa nyumba. Ndiye yule kijana aliyekuja Septemba na kipimo cha leza, akakataa chai.

Nyumba hii niliinunua kwenye mnada mwaka 1996. Haikuwa na paa. Wapangaji walikuwa njiwa. Hakuna ukuta humu ambao sijaupiga lipu kwa mkono huu. Sasa mtu wa leza aje aniambie chumba changu hakipo.

Sijamwambia Clifford.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepima mwenyewe. Tepu ya chuma, mara nne, Clifford akiwa bustanini kwake. Urefu 2.98. Upana 2.18. Zidisha: 6.4964.

Ogden hakukosea. Hata kanihurumia, kapandisha mpaka 6.50.

Mimi ndiye niliyekosea. Kwenye fomu niliandika upana 2.21, kutoka daftari langu la zamani. Ulikuwa 2.21. Mpaka Machi 2022, halmashauri hiyohiyo iliponiandikia kwamba ukuta wa namba nne unaotazama ngazi hauwezi kuzuia moto nusu saa. Nikaambiwa nifunike kwa bodi za kuzuia moto. Nikafunika. Nikapiga lipu nyembamba juu, ikang'aa kama sahani. Unene wote: milimita 30.

Sikupima tena! Miaka arobaini fundi lipu, nimesahau kuhesabu unene wa lipu yangu mwenyewe. Mjomba Wilf, aliyenifundisha kazi kiwanda cha sufu kilipofungwa, angenicheka mpaka akohoe. Wanaume wa saiti walinicheka miaka kumi kwa kuwa mwanamke mwenye mwiko. Leo wangekuwa na haki.

Lakini barua ya Machi 2022 ninayo. Waliniamuru nineneshe ukuta, sasa wananihukumu kwa sababu chumba kimekonda.

Pungufu: mita za mraba 0.0136. Yaani sentimita za mraba 136. Nimetafuta kitu cha ukubwa huo nikione kwa macho. Ukutani kwa Clifford kuna postikadi za binti yake aliyehamia New Zealand. Nimepima moja yenye picha ya kondoo. 155.

Kinachomtoa mtu nyumbani kwake ni kidogo kuliko postikadi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia. Nilileta samaki na chipsi kutoka duka la kona, nikaweka siki nyingi kama anavyopenda, nikasema yote kwa pumzi moja.

Clifford ana miaka 73. Alikuwa fundi wa mashine za kusuka. Alikuja 2013 na sanduku moja na redio, baada ya mkewe kusema basi. Miaka kumi na moja hajachelewa kodi wala hajawahi kuniita kwa jambo lolote. Bomba lake la maji lilivuja majira ya baridi nzima, akatega bakuli chini, eti hakutaka kunitoa nyumbani kwenye baridi.

Alitafuna samaki wake mpaka akamaliza. Akakunja karatasi vizuri. Akasema, "Binti, usigombane na watu kwa ajili yangu. Nitatafuta pa kwenda."

Nina miaka 64, ananiita binti.

Nilimwambia sigombani kwa ajili yake, nagombana kwa sababu nimeguswa. Akasema sawa, lakini isiwe kwa sababu yake. Ndivyo walivyo wanaume wa bonde hili. Ukiwakanyaga mguu wanakuomba radhi kwa kuuweka hapo.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepiga simu kwa watu wa mipango miji. Wazo langu: dirisha la namba nne litokeze nje kidogo juu ya ua, sakafu itokeze nalo. Sentimita kumi zingenitosha na chenji.

Mama wa kwenye simu alikuwa mpole. Kwanza, maombi na michoro, wiki nane. Sina wiki nane, nina tano kasoro siku moja. Pili, mtaa wetu umeshafikia kikomo cha nyumba za kupanga pamoja, kwa hiyo lolote la kuikuza nyumba ya namna hiyo litaangaliwa kwa jicho kali. Nikamwambia siikuzi, nairudisha ilivyokuwa. Akasema kwenye fomu hakuna kisanduku cha kurudisha.

Nimecheka. Yeye pia kacheka, nadhani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeonana na Ogden ofisini, chumba kidogo cha vioo. Nilikipima kwa macho: mita za mraba saba, labda saba na robo. Na humo halali mtu; yeye hulala kwake.

Sitaki kumchukia. Ni kijana safi, kucha zimekatwa, na anasikiliza. Nikaweka barua ya 2022 mezani. Akaisoma yote. Akakiri kwamba ndiyo, ni idara yao. Ndiyo, bodi zilikuwa lazima. Ndiyo, ni bahati mbaya. Ila aliyesaini ile ni mwenzake aliyekwisha kuondoka, na ile ilikuwa ya moto, hii ni ya ukubwa, na zote mbili ni sheria. Kuhusu 2.21 yangu akasema taratibu kwamba taarifa isiyo sahihi kwenye fomu inaweza kuwa kosa la jinai, lakini hatalifuatilia. Nilimshukuru. Ulimi ulikuwa mzito kama saruji.

Nikamuuliza kama mita 6.50 inamuua mtu na 6.51 inamponya.

"Sijaitunga mimi, Bi Sugden," akasema. "Nionyeshe sita nukta tano moja, nami nitakuandikia leseni ya watu sita siku hiyohiyo."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Nikaandika nyuma ya barua yake, tarehe na saa, mbele ya macho yake. Saa tano na dakika kumi asubuhi.

Haya. Tutaona.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepata!!

Nilikuwa nabadilisha soketi namba nne, kwenye ukuta wa nje, ule wa mawe. Nikatoa kisanduku, nikaona ukingo wa lipu ya kale. Ya chokaa, imechanganywa na manyoya ya farasi, ya miaka mia na ishirini huko. Nikachomeka rula. Milimita 25! Sikuigusa 1996 kwa sababu ilikuwa imeshika vizuri.

Mimi naweza kupiga ukuta huohuo kwa milimita 10. Ukifika kwenye jiwe, ukaanza upya, unapata milimita 15 za bure. Zidisha kwa 2.98: sentimita za mraba 447. Nahitaji 136.

Nilishuka jikoni nikimtafuta mtu wa kumwambia. Alikuwepo Zuzanna peke yake, wa chumba namba mbili, anayefanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Ametoka Poland miaka kumi na sita iliyopita. Nikamwambia chumba cha Clifford kitanenepa. Akaendelea kukoroga supu yake nyekundu ya bitiruti.

"Nyinyi Waingereza," akasema, "upande wetu wa Ulaya ulivunjwa ukuta mmoja, serikali zikaanguka. Nyinyi mnakwangua milimita."

Nikamwambia sisi ni watu wa taratibu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilijua kuna kitu. Hakuna furaha ya bure kwenye halmashauri hii.

Nimeipigia simu idara ya ujenzi, ili niwe na uhakika tu, nisije nikafanya kosa la pili. Bwana mmoja mwenye mafua kaniambia: ukibandua lipu ya ukuta wa nje zaidi ya nusu ya eneo lake ndani ya chumba, unatakiwa uweke bodi nene za kuzuia baridi kabla ya kupiga lipu mpya. Unene? Milimita sitini, sabini. Hapo chumba kitabaki cha kuku.

Kwa hiyo: moto ukinenesha, chumba kinakonda. Nikikikwangua, baridi inanenesha upande wa pili. Nimekaa ngazini, chai imepoa mkononi, nikitukana kimyakimya mpaka tusi likaniishia.

Jumanne, 22 Oktoba

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka na neno moja kichwani: zaidi.

Zaidi ya nusu, alisema. Zaidi!

Sasa hesabu. Ukuta una urefu wa 2.98. Nusu yake ni 1.49. Nikibandua kipande cha mita 1.40 tu, kutoka sakafuni hadi dari, ni asilimia 47. Sijafika nusu. Kina kitakuwa milimita 15. Mita 1.40 mara 0.015 ni 0.021. Jumlisha na 6.4964. Inakuja 6.5174.

Nimeihesabu kwa kalamu, kisha kwa simu, kisha nikampigia yule bwana wa mafua. Nikasikia akibofya vitufe. Akasema, "Kitaalamu, mama, sina la kukuzuia." Nikamwomba aandike barua pepe. Ameandika. Maneno kumi na manne. Nimeyachapisha.

Ukuta utakuwa na mbonyeo mmoja mpana, usiozidi unene wa kidole. Mtu asiyejua hatauona. Mimi nitauona kila nikiingia, nami nitaufurahia.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Saa moja ya nyongeza, nimeitumia kukasirika.

Nilikwenda kuchukua vipimo vya mwisho. Chini ya kitanda cha Clifford kuna maboksi mawili ya kadibodi, yale ya kubebea ndizi, yamefungwa kwa kamba. Redio imeshatolewa waya. Postikadi zote zimebanduliwa, ukutani yamebaki madoa meupe.

Nikamuuliza. Kumbe tangu wiki iliyopita amekwenda kuona fleti ya wazee, maili kumi na nne kutoka hapa, bonde lingine kabisa. Amekwenda kwa mabasi mawili, hajamwambia mtu. Fleti ni nzuri, akasema. Ina kengele ya kuvuta ukianguka. Wamemshikia mpaka Ijumaa ya tarehe 15, saa sita mchana. Akisema ndiyo, hakuna kurudi nyuma. Asipojibu, inakwenda kwa mwingine, na orodha ina watu arobaini.

Nikamuuliza anaitaka? Akatazama dirishani. Bustani yake ndogo ya mboga iko mtaa wa nyuma, dakika sita kwa mguu. Kuna liki kule, vile vitunguu vya mashina marefu, anavyovivisha vipande vya bomba ili mashina yawe meupe, kama anavisha watoto wachanga.

"Siyo suala la kutaka, binti."

Nikamwambia afungue maboksi. Akasema atayaacha yalivyo, tuone.

Jumatatu, 4 Novemba

Tumeanza. Clifford analala nyumbani kwangu, kwenye kochi, maana sebule ya nyumba 17 pia hairuhusiwi kulala mtu. Ameleta mto wake mwenyewe, ili asinitie gharama ya kufua.

Nyundo na tindo. Nimechora mistari miwili wima kwa pimamaji, mita 1.40 kamili katikati yake, nikapiga picha na tepu ikiwa ukutani. Lipu ya kale inatoka vipande vipande, manyoya yakining'inia. Bega linauma. Marius wa namba sita amenisaidia kushusha kifusi, ndoo 31, akanionya nisijipime nguvu na ukuta. Nikamwambia aendelee kubeba.

Zuzanna alichungulia akiwa amevaa koti la kazini. Akauliza kama tukimaliza tutaanza kukwangua na Clifford mwenyewe, maana tumbo lake nalo linachukua nafasi.

Clifford akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya samaki.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepiga. Tabaka la kwanza milimita saba, la pili tatu. Mkono bado upo. Mwiko ulikwenda kama juu ya siagi.

Upana ndani ya mbonyeo: 2.195. Nje ya mbonyeo: 2.18. Milimita 15, si pungufu.

6.5174. Nimeiandika kwa penseli ukutani, pembeni ya mlango, kabla ya rangi.

Ijumaa, 8 Novemba

Lipu inakauka. Nimemwandikia Ogden. Atakuja Jumanne.

Jumanne, 12 Novemba

Amekuja, saa nane mchana, na leza. Safari hii amekubali chai.

Akaiweka leza ukutani, akabofya. 2.195. Akainua nyusi. Akasogea hatua moja kushoto, akabofya. 2.18. Akarudi kulia, akabofya tena. Akaangalia ukuta kwa ubavu, shavu likigusa lipu, kama mtu anayenusa. Akauona mbonyeo.

Nikampa karatasi zote kwa mpangilio. Barua ya moto. Barua pepe ya idara ya ujenzi. Picha ya tepu. Hesabu. Akasoma akiwa amesimama, chai ikipoa juu ya kabati. Clifford alikuwa mlangoni amevua kofia.

Ogden akasema hesabu ni sahihi. Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Tatizo lake, fomu ina nafasi mbili tu, urefu na upana. Haina nafasi ya upana wa pili. Itabidi aulize ofisini kama mbonyeo unahesabiwa kuwa sehemu ya sakafu.

Nikachukua postikadi ya kondoo kwenye boksi la Clifford nikailaza chini, ikagusa ukuta ndani ya mbonyeo. Nikamuuliza imelala juu ya nini.

Akainama akaitazama. "Naona ilipolala, Bi Sugden. Nitawasiliana nawe."

Nikamkumbusha alichosema tarehe 17 Oktoba, saa tano na dakika kumi. Akasema anakumbuka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Jumatano, 13 Novemba

Kimya. Nimepiga simu mara tatu. Yuko kikaoni. Yuko kikaoni. Yuko kikaoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Barua pepe kutoka idara, si kutoka kwa Ogden, haina jina. "Suala lako linaangaliwa. Tunalenga kujibu ndani ya siku kumi za kazi."

Siku kumi za kazi ni tarehe 28. Clifford anatakiwa awe ametoka tarehe 18. Fleti inajibiwa kesho saa sita. Wakichelewa, hawahitaji hata kukataa. Kuchelewa kutawafanyia kazi. Akibaki na wakasema hapana, hana chumba wala fleti. Akienda na wakasema ndiyo, nimebaki na chumba halali kisicho na mtu wake.

Nimemweleza hivyo jioni, bila kupunguza. Nikamwambia uamuzi ni wake na sitamlaumu. Akakaa akizungusha kofia mkononi.

Nimemwachia ufunguo wa namba nne. Lipu imekauka kabisa.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la mapokezi, halmashauri, ghorofa ya chini. Nimefika saa mbili na nusu, kabla hawajafungua mlango. Nimempa dada wa mapokezi karatasi ya sentensi moja ampelekee Ogden na mkubwa wake. Kasema nikae. Nimekaa.

Saa nne. Dada kaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia ninayo, tangu tarehe 17 Oktoba.

Saa nne na nusu. Mlango ukafunguka, akaingia Clifford. Suti ya kijivu, ile ya mazishi. Tai. Chini ya kwapa ana boksi la ndizi.

Nilishtuka, nikadhani yuko njiani kwenda kituo cha basi. Hakuja kwangu. Akaenda moja kwa moja kaunta, akavua kofia, akaliweka boksi juu ya kaunta ya kioo, kati ya vipeperushi. Watu kama tisa kwenye foleni. Clifford, ambaye alitega bakuli majira ya baridi nzima!

Akamwambia yule dada, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Samahani, binti. Leo nimekuja kusumbua."

Akaja akaketi karibu nami. Akanyoosha tai. Nikauliza boksi lina nini. Redio, akasema. Ama linarudi namba nne leo au linapanda basi leo, na huyo atakayeamua aje alione.

Saa tano na dakika ishirini. Clifford ameshika simu mkononi, namba ya watu wa fleti imeshaandikwa, bado kubonyeza tu.

Saa tano na dakika thelathini na mbili. Dada amenyanyua simu, anasema ndiyo, bado wapo. Hapana, wote wawili. Na boksi.

Lifti inashuka. Tatu. Mbili. Ogden, hana koti, ana faili, nyuma yake kuna mwanamke mwenye miwani nisiyemjua. Clifford amesimama kabla yangu.

Karatasi yangu ina sentensi moja, na sitaongeza ya pili. Sentimita za mraba 210 zilizo ndani ya mbonyeo wa ukuta wa chumba namba nne, ambamo nimelaza postikadi mbele ya afisa wenu naye akaiona imelala, ni sakafu au si sakafu, ndiyo au hapana, kwa mdomo wenu, hapa, kabla ya saa sita?